Keki ya Mexico na Karanga za Bibi



Tangu ile karamu ya wazee wawili wa jumuiya yetu waliotimiza miaka 50 ya ndoa, sina raha ya kutoka ofisini. Kila nikifunga mlango, yupo mama ananingoja chini ya mwembe. "Bwana Karani, ile keki nyeusi mliyotulisha iliokwaje?" Nimeieleza mara saba sasa. Karatasi yenyewe imepita katika mikono mingi hata haisomeki vema, na mmoja ameirudisha ina doa la mawese palepale penye kipimo cha sukari. Basi leo naiandika hapa mara moja, kila mtu aisome kwake. Lakini nikiiandika keki sina budi kuandika na habari ya karanga, ingawa inanitia haya kidogo.

Keki hii ni ya nchi ya Mexico. Ilitufikia kwa Sista mmoja mgeni aliyepita huku kwetu, ambaye zamani alifanya kazi katika nchi ile. Tulikuwa tukizungumza juu ya karamu ya wazee, nami nikamweleza shida yetu. Keki ya kununua mjini Kigoma ni ghali, na ikisafirishwa mpaka Ilagala katika gari lililojaa watu hufika imebonyea upande mmoja, maua yake ya sukari yamehamia kwenye kifuniko. Tena wenye karamu wenyewe hawana meno ya kutosha. Sista akacheka, akaomba kalamu. "Hii haina maua," alisema, "na vya kutafuna vyote husagwa."

Akaandika unga wa ngano, sukari, mayai, siagi, kakao, mdalasini na lozi. Kisha akatazama huku na huku, akaona shamba letu nyuma ya nyumba, akaongeza kando ya neno lozi: au karanga.

Maneno hayo mawili yalinirudisha kwenye vitabu. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mahindi yetu asili yake ni Mexico. Nikajibu swali katika mtihani, nikasahau. Kumbe kakao nayo ililimwa na wenyeji wa nchi zile tangu kale sana. Hawakuila katika keki. Waliikaanga, wakaisaga juu ya jiwe, wakaikoroga na maji hata ikatoa povu, pengine wakatia na pilipili, wakainywa chungu hivyo hivyo. Sukari, ngano, mdalasini na lozi zilikuja baadaye pamoja na Wahispania, ambao jeshi lao lilifika huko mwaka 1519. Hata leo katika mji wa Oaxaca watu hupeleka kakao mashineni isagwe pamoja na sukari, mdalasini na lozi, kama sisi tunavyopeleka makopa ya muhogo. Na karanga, ambayo ilianza kulimwa Amerika ya Kusini, watu wa Mexico huiita cacahuate. Jina hilo limetoka katika neno la kale la Waazteki, na maana yake ni "kakao ya ardhini". Nilipoliona hilo nikasema, basi karanga ina haki katika keki hii kuliko lozi.

Jambo moja lilinichekesha. Waazteki walitumia mbegu za kakao kama fedha sokoni, na penye fedha hapakosi mjanja. Bernardino de Sahagún, Mfransisko wa Hispania aliyekaa Mexico katika karne ya 16, aliandika jinsi wachuuzi wabaya walivyotengeneza kakao ya bandia kwa unga na nta na kokwa za parachichi, wakaichanganya na ile nzuri. Nilicheka peke yangu ofisini. Baada ya juma moja sikucheka tena.

Kakao si kitu cha mbali, ingawa huku kwetu haiko. Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, pale kichwani mwa Ziwa Nyasa, ndiyo inayosifika kwa kakao katika Tanzania. Huko Uganda hulimwa Bundibugyo, na ng'ambo ya Kongo huko Beni. Tunda lake huota juu ya shina lenyewe, kama fenesi. Ndani mna mbegu zilizofunikwa na nyama nyeupe tamu. Mkulima huzifunika siku kadhaa zichachuke, kisha huzianika juani. Zisipochachuka hazipati ile harufu ya chokoleti hata ukizikaanga namna gani. Nyingi huuzwa nje, na huko hukamuliwa mafuta, zikasagwa, zikarudi Afrika ndani ya kopo. Mnapokwenda dukani, mwangalieni kopo lenyewe. Kuna kakao tupu, na kuna kinywaji cha chokoleti ambacho sehemu kubwa ni sukari. Ukiweka kidogo ulimini na ikawa tamu, hiyo ni ya kunywa, wala haifai keki hii. Inayofaa ni chungu mpaka uso unakunjamana.

Sasa karanga.

Fedha ya karamu ilikuwa mchango wa jumuiya, nami ndiye niliyeishika. Tulihitaji kilo 6: kilo moja kwa keki nne, nyingine za kutia katika mboga na za kutafuna wageni. Karanga nzuri zilikuwa Sh. 4,000 kwa kilo. Nikampata mchuuzi mmoja aliyeziuza kwa Sh. 2,500, zimekwisha kumenywa, zimo ndani ya gunia. Jua lilikuwa limezama. Nililiona gunia, karanga zenyewe sikuziona. Nikalipa Sh. 15,000 badala ya Sh. 24,000, nikarudi nyumbani nikihesabu njiani zile Sh. 9,000 nilizowaokolea wenzangu. Hata kabla ya kula chakula cha jioni nilikuwa nimekwisha kujisifu kwa mwenyekiti.

Siku ya kuamkia karamu akina mama walikusanyika uani kwetu. Bibi, yaani mwenye karamu mwenyewe, alikuwa amekatazwa kufanya kazi. Akaja vilevile, akasema hawezi kukaa kama picha. Ili kumtuliza akapewa ungo na karanga achambue, maana tuliona ni kazi ndogo. Akasogeza mkeka mpaka penye jua kali, akaanza. Kitambo kirefu sikusikia neno. Kisha nikaona mafungu mawili juu ya kanga yake, na lile la pili linazidi kukua.

"Karani, mjukuu wangu, hebu njoo uone ulichotuletea."

Nilichuchumaa mbele yake. Katika fungu la pili mlikuwa na karanga zilizonyauka, nyingine nyeusi, nyingine zina vumbi la kijani kama la mkate uliosahauliwa. Akachukua moja iliyoonekana nzima, akaipasua kwa ukucha. Ndani, katikati ya vipande viwili, palikuwa na ukungu wa kijivu. Akanipa nyingine niionje. Ilikuwa chungu, nikaitema. Tukapima fungu lile. Kilo 3 kamili.

Mama mmoja, tena mtu mwema ambaye hakosi katika kazi yoyote ya jumuiya, akasema, "Tuzikaange sana, tuzitwange. Katika keki nyeusi nani ataziona? Mdalasini utaficha harufu." Wengine wakaitikia kwamba ndivyo. Fedha ilikuwa imekwisha, na karamu ni kesho. Nami naandika hapa kweli: nilinyamaza. Shauri lile lingeniokolea Sh. 9,000 zangu na sifa yangu kwa mwenyekiti.

Bibi aliendelea kuchagua. Hakuinua hata macho. Akasema, "Mimi karanga chungu sikuwapa wanangu. Hiyo keki ya kesho wataila watoto wa nani?"

Hapo ndipo nikasema nililokuwa nikilijua. Bibi hakujua jina lake. Mimi nililisoma, nikalinunua. Ukungu ule wa karanga na mahindi hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi, wala watu hawakujua ni ugonjwa gani. Wataalamu walipochunguza chakula chao wakakuta mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na ndipo sumu hii ilipojulikana. Kwa watu hushambulia ini. Mtu akila kidogo kidogo kwa miaka haoni kitu, lakini ini laweza kupata kansa. Akila nyingi kwa mara moja, aweza kufa. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 125 wakafa. Kwetu Tanzania ilitokea mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ikaua watu kama ishirini. Na jambo la kuwekea alama ni hili: moto wa jikoni hauimalizi. Ukikaanga, ukichemsha, ukioka, sumu imo. Ukiosha, ukungu huondoka machoni lakini sumu iliyokwisha kuingia ndani hubaki.

Mama yule akauliza, "Basi tuwape kuku?" Kuku nao huugua. Ng'ombe au mbuzi akila, sumu huweza kupita katika maziwa yake, nawe unampa mtoto. Tulichimba shimo nyuma ya choo, tukazifukia zote, na mwanangu akasimama na fimbo kuwafukuza kuku mpaka udongo ulipokwisha kushindiliwa.

Mke wangu hakunisema mbele za watu. Alijifunga kanga, akaenda kwa jirani aliyevuna vizuri, akarudi na kilo 3 kwa bei ile ile ya Sh. 4,000. Nikalipa Sh. 12,000 kutoka mfukoni mwangu. Katika daftari nimeandika: karanga kilo 6, Sh. 15,000, zilizofaa kilo 3. Na chini yake: karanga kilo 3, Sh. 12,000, amelipa karani. Mwenye kujua hesabu ataona kwamba karanga zangu za bei nafuu zilitoka Sh. 27,000.

Nilimwuliza jirani yule yeye hufanyaje. Alinijibu kwamba huzing'oa mapema zikikomaa, hazilazi shambani penye unyevu. Huzianika juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka ukitikisa ganda unasikia mbegu inagonga. Huweka gunia juu ya vichanja. Na wakati wa kumenya hazilowanishi. Najua wengi wetu huzinyunyizia maji ili ganda lisiumize vidole, lakini maji yale ndiyo chakula cha ukungu.

Haya, tuoke.

Kwa keki moja ya sufuria ya wastani twaeni unga wa ngano vikombe 2, kakao nusu kikombe, sukari kikombe 1 na robo, karanga zilizochaguliwa kikombe 1 na nusu, mayai 4, siagi ya kopo au mafuta ya alizeti robo tatu ya kikombe, maziwa kikombe 1, bekingi pauda vijiko vidogo 2, mdalasini wa unga vijiko vidogo 2, chumvi kidogo, na pilipili ya unga kiasi cha kushikwa na ncha ya kisu. Msiogope hiyo pilipili. Haiwashi, huja polepole kooni mtu akiisha kumeza. Kikombe kiwe kile kile kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Karanga zikaangeni kwa moto mdogo mpaka maganda mekundu yanavuliwa kwa vidole, mpepete, mziache zipoe kabisa. Ukizitwanga zikali moto hutoa mafuta, ukapata uji. Kinu kiwe kikavu, wala kisiwe kile cha kisamvu. Keki yetu ya kujaribia ilinukia vitunguu swaumu kwa sababu hiyo. Kwa wazee wasio na meno, chekecheni, chenga zirudi kinuni.

Korogeni siagi na sukari mpaka iwe nyepesi na nyeupe. Tieni mayai moja moja. Pembeni chekecheni pamoja unga, kakao, mdalasini, pilipili, chumvi na bekingi pauda, kisha mtie kidogo kidogo, mkipokezana na maziwa. Karanga ziingie mwisho kabisa, kwa mwiko, kwa kugeuza tu. Ukipiga sana baada ya unga kuingia, keki huwa ngumu kama soli.

Watu wa kwetu wameniuliza mambo mawili. La kwanza ni mawese. Nilijaribu, maana Kigoma bila mawese ni nini? Rangi ilikuwa nzuri, lakini kila aliyeonja alitazama huku na huku akitafuta maharage. La pili ni unga wa muhogo. Nilitia nusu kwa nusu, keki ikabomoka mikononi, kwa kuwa muhogo hauna ule mvutano ulio katika ngano. Lakini katika vikombe 2, ukitoa nusu kikombe cha ngano na kutia nusu kikombe cha muhogo ulioandaliwa vema, hakuna atakayetambua.

Kuhusu moto ndipo wengi wanaposhindwa, nami nilishindwa kwanza. Keki yangu ya kwanza ilikuwa kaa chini na uji katikati. Nilitia mkaa mwingi chini, na kila dakika tano nilifunua kifuniko kuchungulia kama mtoto. Fanyeni hivi. Chukueni sufuria kubwa na nzito, mtie mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, mfunike, mwiweke motoni dakika kumi ipate joto. Sufuria ya keki pakeni mafuta na unga, mimimine mchanganyiko usizidi theluthi mbili ya kimo chake, kisha mwiweke juu ya mchanga. Isiwe sufuria iliyozoea kukaanga migebuka. Samaki haachi nyumba yake upesi. Funikeni kwa kifuniko cha bati. Mkaa ulio chini upunguzeni uwe kidogo, na ule mwingi muuweke juu ya kifuniko. Keki hii hutaka moto kichwani kuliko miguuni. Msifunue kabla ya dakika 40. Halafu chomeni katikati kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, imeiva. Kikitoka na ute, rudisheni dakika kumi. Kwa kuwa ni nyeusi tangu mwanzo, msiamini macho. Aminini kijiti na pua.

Tulioka nne usiku ule, mbili mbili, kwa majiko mawili. Ya tatu ilipasuka juu, tukaigeuza chini juu, ikawa nzuri kuliko zote.

Siku ya karamu keki ilikatwa na wazee wenyewe, mkono juu ya mkono, kisu kikitetemeka. Babu alitafuna kwa fizi, akameza, akangoja. Pilipili ikamfikia. Akamgeukia mkewe akasema, "Huyu ana hasira kidogo, kama wewe." Watu walicheka mpaka ngoma ikanyamaza. Bibi alikula chake polepole sana. Alivunja kipande, akakitazama kwenye mwanga, akakirudisha mdomoni.

"Ni zile za kwangu," alisema.

Kipande kilichobaki walikifunga katika karatasi wakaenda nacho nyumbani. Kesho yake asubuhi Babu alimtuma mjukuu kuniuliza kama kuna kingine, maana alisema kilikuwa kitamu kuliko jana. Ndivyo ilivyo keki hii. Ikilala usiku mmoja imefunikwa vema, mdalasini na karanga huingiana na kakao. Basi mkitaka kuila Jumapili, iokeni Jumamosi mchana, mkamfiche nayo mwenye njaa.

Juma lijalo nitamjibu yule mama wa ng'ambo ya Malagarasi anayeuliza kwa nini maandazi yake hunywa mafuta.